KUGHAIRI KUTUA SI KUSHINDWA

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, juma hili nakupeleka Tabora, na mara hii hatupandi treni. Tunapanda ndege.

Ilikuwa mwezi wa Novemba na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Ndege yetu ilikuwa ya mapangaboi mawili, imejaa watu na mizigo. Alasiri tulianza kushuka. Kupitia dirishani niliiona ile miembe ambayo kila mgeni wa Tabora huonyeshwa na kuambiwa kwamba ni kumbukumbu ya misafara ya zamani. Nikaona mabati ya nyumba yanameremeta, na upande wa pili wa mji nikaona wingu jeusi limeinama. Magurudumu yalikwisha kutolewa. Ilikuwa imebaki kidogo tu tuguse chini. Ghafla injini zikanguruma, pua ya ndege ikainuka, na miembe ikaanza kuwa midogo tena.

Kukawa kimya, kisha yakaanza maneno. Mama mmoja aliyekuwa anawahi maziko ya ndugu yake alijifunika khanga usoni. Bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi akasema kwa sauti ili wote tumsikie, "Huyu rubani ni mwanafunzi! Kiwanja kile pale, anakiona. Kwa nini hatui?" Rubani akatangaza kwa upole kwamba upepo umegeuka, kwa hiyo tutazunguka na kujaribu tena. Baada ya robo saa hivi tukatua salama.

Wakati wa kushuka, rubani alisimama mlangoni kutuaga. Yule bwana mwenye mkoba alimpita kana kwamba hakumwona. Nyuma yake alikuwa mzee mmoja wa Kinyamwezi, na yeye alimshika rubani mkono akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo. Waliofika si wale waliokuwa na haraka."

Neno la mzee yule halijanitoka, na ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Ninachotaka kusema ni hiki: rubani anapoghairi kutua, hajashindwa kazi. Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Na ndege nyingi zilizopitiliza njia ya kutulia, zikaishia majanini, korongoni au majumbani mwa watu, zilikuwa na nafasi ya kughairi lakini nafasi hiyo haikutumiwa.

NDEGE HAISIMAMI KAMA DALADALA

Tuanze na jambo lenyewe. Ndege kupitiliza maana yake ni kwamba imetua, au imejaribu kuruka ikaacha, kisha njia ikaisha kabla haijasimama. Kwa nini itokee hivyo, na njia ni ndefu kiasi kile?

Ndege ndogo ya abiria ya mapangaboi, ya aina inayokwenda mikoani kwetu, hukaribia kutua kwa mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa. Mwendo huo ni zaidi ya mita 55 kwa kila sekunde moja. Ukihesabu moja, mbili, ndege imekwisha kumaliza urefu wa kiwanja cha mpira. Basi ndege ikielea juu ya lami kwa sekunde tano tu bila magurudumu kugusa chini, zaidi ya mita 270 za njia zimekwisha kupotea. Breki hazijafanya kazi yoyote, kwa sababu breki hufanya kazi pale tu tairi linapoikanyaga ardhi.

Jambo la pili ni kimo. Kwa kawaida ndege huteremka kwa mteremko mdogo wa nyuzi tatu, na inapovuka mwanzo wa njia inatakiwa iwe juu kwa kama mita 15. Ikivuka ikiwa juu kwa mita 15 zaidi, na mteremko ukiwa ule ule, itagusa chini karibu mita 290 mbele ya pale ilipotakiwa. Rubani aliyekosea kwa kimo cha nyumba ya ghorofa nne au tano amekwisha kupoteza mita zinazokaribia 300.

Jambo la tatu ni mwendo, na hapa watu wengi hudanganyika. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima haiongezeki kwa sehemu moja ya kumi. Inaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga analijua jambo hili mwilini mwake hata kama hakulisoma shuleni. Upepo nao ni hivyo hivyo. Ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huipunguzia mwendo juu ya ardhi. Upepo ukigeuka ukaja mgongoni kwa kilomita 18 tu kwa saa, ndege ile ya kilomita 200 itagusa lami kwa mwendo wa kilomita 218, na mzigo wa breki utaongezeka kwa karibu asilimia 19. Ndiyo maana upepo ulipogeuka siku ile Tabora, rubani wetu hakubishana nao.

Jambo la nne ni maji. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakasimama juu ya lami, tairi linaloenda kasi linaweza kupanda juu ya maji kama mtumbwi. Breki hubanwa, gurudumu hukataa kuzunguka, na ndege huendelea kuteleza.

TABORA IKO JUU

Kuna jambo la tano, nalo linahusu sana mikoa ya magharibi. Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyetoka Dar es Salaam hahisi kwamba amepanda mlima, maana nchi yenyewe ni tambarare ya miombo. Lakini ndege inahisi. Hewa ya Tabora ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hata joto likiwa sawa. Bawa likikutana na hewa nyepesi, hapana budi ndege iende kasi zaidi ili ibebwe. Kwa hiyo ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, itagusa lami ya Tabora kwa mwendo unaozidi ule wa Dar es Salaam kwa karibu asilimia saba, na breki zitakuwa na kazi ya ziada ya karibu asilimia 15. Saa ya rubani haimwonyeshi tofauti hiyo, kwa sababu kipimo cha mwendo nacho kinategemea hewa ile ile nyepesi. Anayelijua jambo hili hulihesabu kabla ya kuondoka.

Na kweli marubani huhesabu. Safari haipangwi kwa njia iliyobana. Kwa ndege za jeti za abiria, hesabu za kabla ya safari hutaka ndege iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo, na kwa zile za mapangaboi asilimia 70. Sehemu inayobaki ni akiba. Kumbuka tu kwamba akiba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kosa moja. Ukija juu kidogo, ukaja kasi kidogo, upepo ukawa mgongoni kidogo na lami ikawa imelowa kidogo, hao kidogo wanne wakikutana akiba imekwisha. Ajali za namna hii mara chache huwa na kosa moja kubwa. Makosa madogo husafiri pamoja kama msafara.

MWISHO WA NJIA KUNA NINI?

Njia ikiisha, swali linalobaki ni moja: mbele kuna nini?

Desemba 18, 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilikuwa inakwenda Kilimanjaro. Kiwanja cha Kilimanjaro kina njia ya kama kilomita tatu na nusu, lakini siku ile ndege ndogo ilikuwa imekwama juu yake. Ile Boeing ikaja kutua katika kiwanja kidogo cha Arusha, ambacho njia yake ilikuwa na mita 1,620. Njia ikaisha, ndege ikaishia majanini. Hakuna aliyepoteza maisha. Abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa kukosa ngazi inayofikia mlango wa ndege kubwa kiasi kile. Watu wengi waliicheka habari hiyo. Mimi sikucheka, maana kama pale mwisho wa njia pangekuwa na nyumba badala ya majani, habari ingekuwa nyingine.

Huko Goma, Kongo ya Mashariki, ilikuwa nyingine. Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulilipuka, na uji wa moto ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ukaganda ukawa mwamba. Njia ikawa fupi. Aprili 15, 2008, ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka pale, ikapitiliza, ikaingia katika mtaa wenye watu na biashara zao. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa si abiria bali wakazi waliokuwa katika shughuli zao za kawaida. Mwaka uliofuata, Novemba 19, 2009, ndege nyingine aina ya MD-82 ilipitiliza hapo hapo wakati wa kutua, ikajigonga kwenye mwamba ule.

Wazee wetu nao wanakumbuka msiba wa Aprili 18, 1972, wakati Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokuwa bado mali yetu sote. Ndege yake aina ya Super VC10, iliyotoka Nairobi kwenda London, ilikuwa inaruka kutoka Addis Ababa. Wakati inakimbia, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege ndogo, na tairi likapasuka. Rubani akaacha kuruka, akabana breki. Breki hazikuwa na nguvu zake zote, kwa kuwa baadhi ya vipuri vyake vilikuwa vimefungwa visivyo. Ndege ikamaliza njia, ikaporomoka ukingoni na kushika moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka kila mwisho wa njia ya ndege pawe na ardhi ya usalama, iliyo tupu na iliyosawazishwa. Kwanza ziwepo mita 60 baada ya lami, kisha eneo jingine la angalau mita 90, na linashauri eneo hilo lifike mita 240. Kwa hiyo, ndugu yangu wa mjini, ukiona ardhi tupu mwisho wa kiwanja cha ndege, usidhani kwamba serikali imeisahau. Usiende kupima kiwanja cha nyumba hapo, wala kulima mahindi, wala kuchunga ng'ombe. Ile ardhi ina kazi yake, ingawa tunaomba siku ya kazi hiyo isifike.

SAUTI TATU ZA MANGALORE

Tumeona kwa nini ndege hupitiliza. Sasa tuzungumze juu ya uamuzi.

Marubani wana utaratibu unaosema kwamba ndege inapokaribia kutua, lazima ifike kimo fulani ikiwa imetulia. Kimo hicho kwa kawaida ni futi 1,000, yaani kama mita 300, hali ya hewa ikiwa mbaya, na futi 500 kukiwa kweupe. Kutulia maana yake ni kwamba mwendo uko sawa, mteremko uko sawa, ndege imeelekea njia, magurudumu yametoka, mabawa yamepangwa kwa kutua, na nguvu za injini ni zile zinazotakiwa. Lisipotimia hata moja, jawabu limekwisha andikwa: ongeza nguvu, inua pua, panda, zunguka. Rubani hatakiwi kuanza kupiga hesabu mpya pale. Hesabu zilifanywa mapema, wakati akili imetulia, ili asibishane na nafsi yake katika sekunde za mwisho.

Hebu tuone yaliyotokea Mangalore, kusini mwa India, Mei 22, 2010. Ndege ya Air India Express aina ya Boeing 737 ilitoka Dubai usiku, imebeba watu waliokuwa wanarudi makwao kutoka vibarua vya Ghuba. Kiwanja cha Mangalore kiko juu ya kilima, na mwisho wa njia kuna korongo. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba rubani mkuu alilala kwa zaidi ya saa moja na nusu katika safari ile. Alipoamka, ndege ilikuwa juu mno. Wakateremka kwa kasi kubwa mno. Rubani msaidizi alimwambia aghairi kutua. Akamwambia tena. Akamwambia mara ya tatu. Mashine ya tahadhari nayo ilikuwa inapiga kelele. Rubani mkuu akaendelea. Ndege iligusa chini ikiwa imekwisha kula karibu mita 1,600 za njia yenye mita 2,448. Baada ya kugusa na kuanza kuzuia mwendo, ndipo akajaribu kuruka tena, na wakati huo ulikuwa umekwisha kupita. Kati ya watu 166 waliokuwamo, 158 walikufa.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, aliyeujua ukweli alikuwa ndani ya ndege ile ile, tena kiti cha pili. Hakukosa maarifa. Alikosa kusikilizwa. La pili, kughairi kuna wakati wake. Kabla ya kugusa chini na kuanza kuzuia ndege, mlango uko wazi. Rubani akishageuza nguvu za injini ili zivute nyuma, mlango umefungwa, na kazi yake pekee ni kusimama. Anayeghairi mapema anazunguka. Anayeghairi kwa kuchelewa huenda akakosa vyote viwili.

Usidhani kwamba Mangalore ni habari ya mtu mmoja mkaidi. Taasisi ya usalama wa anga iitwayo Flight Safety Foundation, ya huko Marekani, ilichunguza jambo hili na kutoa ripoti mwaka 2017. Ilionyesha kwamba ndege zinapokaribia kutua bila kutulia, ni kama tatu tu katika kila mia ambazo marubani wake hughairi. Zile 97 huendelea. Nyingi hutua salama, na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mtu akivunja utaratibu mara 50 na asipatwe na kitu, mara ya 51 haoni tena kwamba anavunja utaratibu. Anaona kwamba ni ustadi wake.

NJIA YA MIRAMBO

Turudi Tabora, maana njia ile ya zamani ina somo lake.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaenda Ujiji penye ziwa Tanganyika. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo maji yake yalikuwa ya shida. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi ile, hawakuingia pori kavu kwa kubahatisha. Walikuwa na mwendo walioita tirikeza: msafara uliondoka mchana baada ya kunywa na kujaza vibuyu, ukalala njiani pasipo maji, na kesho yake ukayafikia maji mengine. Uamuzi ulifanywa kisimani. Aliyesubiri mpaka kiu imshike ndipo afikirie kurudi alikuwa amekwisha chelewa. Je, hii si ile ile ya rubani na kimo chake cha futi 1,000?

Tena kuna kisa cha mwaka 1871. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni akimtafuta Livingstone, na alitaka kwenda Ujiji kwa njia iliyonyooka. Njia hiyo ilikuwa imefungwa na mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa katika vita na Waarabu wa Tabora. Stanley na Waarabu wale wakajaribu kuifungua kwa bunduki. Mwezi Agosti Mirambo akawavizia, watu wengi wakauawa, jeshi likatawanyika, na Stanley akarudi mbio Kwihara. Baadaye mwezi ule ule Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuichoma moto sehemu yake. Ndipo Stanley akafanya alilopaswa kulifanya mwanzo. Mwezi Septemba aliiacha njia iliyonyooka, akaelekea kusini na kuzunguka mbali, na kabla mwaka kwisha alikuwa Ujiji, amesimama mbele ya Livingstone.

Sikukusudia kumsifu Stanley, wala vita vile havikuwa vyake. Nataka uone tu kwamba njia iliyonyooka ilimwua watu na haikumfikisha. Ile ya kuzunguka ndiyo iliyomfikisha.

KUZUNGUKA NAKO KUNA GHARAMA

Ni haki niseme pia upande wa pili. Kughairi si mchezo. Ndege iliyokuwa inateremka polepole hutakiwa ghafla kupanda kwa nguvu zote, na marubani wana mambo mengi ya kufanya kwa sekunde chache. Agosti 23, 2000, ndege ya Gulf Air iliyotoka Cairo ilighairi kutua Bahrain usiku. Ilipokuwa inazunguka juu ya bahari yenye giza, ikaelekezwa chini badala ya juu, ikaanguka majini. Wote 143 walikufa. Kwa hiyo jambo hili hufanyiwa mazoezi katika mashine za mafunzo, mara kwa mara, mpaka mikono ilijue kama mpishi anavyokijua kisu chake.

Kisha kuna mafuta. Ndege hairuhusiwi kuondoka na mafuta ya kufika tu. Hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja kingine ikishindikana, na ya akiba juu ya hayo. Kwa Tabora jambo hili ni zito. Mwanza iko karibu kilomita 285 kwa njia ya angani, na Dodoma na Kigoma kila mmoja uko karibu kilomita 350. Jirani hayuko ng'ambo ya barabara. Kila kilo ya mafuta hayo ni kilo ambayo ingeweza kuwa mzigo wa kulipiwa. Lakini mafuta yale ndiyo yanayompa rubani uhuru wa kusema hapana.

SISI NA RUBANI

Sasa nimalize na sisi tunaokaa nyuma.

Rubani ni mtu. Anajua kwamba kuna mama anayewahi maziko. Anajua kwamba kampuni itauliza habari za mafuta, na kwamba abiria watapiga simu wakilalamika. Anajua kwamba ndege iliyotangulia ilitua, na ataambiwa, "Mwenzako mbona aliweza?" Maneno hayo hayamo katika vipimo vilivyo mbele yake, lakini yana uzito kama mzigo mwingine wowote ulioko ndani ya ndege.

Yako mashirika ya ndege yaliyoandika katika kanuni zao kwamba rubani aliyeghairi kutua hataulizwa kwa nia ya kumlaumu. Hiyo ni kanuni njema, na inafaa isomwe kwa sauti katika kila ofisi ya shirika la ndege. Kadhalika rubani msaidizi akisema "ghairi", inapasa neno lake litoshe, hata kama ni kijana na nahodha wake ana mvi. Sisi Waafrika tumefundishwa kumheshimu mkubwa, na ni vizuri. Lakini kumwambia mkubwa kwamba nyumba inaungua si utovu wa adabu.

Na wewe abiria, siku injini zitakaponguruma na miembe ikaanza kuwa midogo tena dirishani, usiseme rubani ni mwanafunzi. Funga mkanda vizuri, mtulize jirani yako, na umwache mtu afanye kazi yake. Ukichelewa maziko, utaeleweka na wafiwa. Ukishuka, mshike rubani mkono kama alivyofanya mzee yule wa Tabora. Rubani aliyeshukuriwa leo kwa kuzunguka hatasitasita kuzunguka kesho, na huenda kesho akawa amembeba mwanao.

Wahenga walisema, kawia ufike. Ndugu msikilizaji, nakutakia juma jema na safari njema. Kwa heri.